Umbali Si Sababu

Chilangala,
Newala.

Kwa Ndugu Afisa Uhamisho,
Chumba cha mwisho, mkono wa kushoto.

Kupitia kwa Mkuu wa Shule (ambaye amesoma, amecheka, na amegonga muhuri).

YAH: KUOMBA TENA KUHAMIA MASASI KUMFUATA MWENZA, SAFARI HII KWA HOJA ZA KISAYANSI

Ndugu Afisa,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hukunizidi, ipokee hivyo hivyo uiweke akiba, kwa sababu faili langu likiendelea kukaa mezani kwako tutazeeka sote pamoja.

Mimi ni Optatus, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Chilangala, mzaliwa wa Kagera. Mke wangu, Evelina, ni mkunga huko Masasi. Tuna mtoto mmoja, Theodora, anayeishi na mama yake, na mwingine yuko njiani. Niliomba kuhamia Masasi kumfuata mwenza, kama utaratibu unavyoruhusu. Ulinijibu kwa barua fupi yenye mstari ambao sasa nimeukariri: "Umbali si sababu, siku hizi kuna mawasiliano."

Nakiri kwamba mwanzoni nilikasirika. Kisha nikahudhuria semina ya walimu wa sayansi upande wa Chidya. Alikuja mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, mama mpole aitwaye Dakta Dominika, akatueleza habari za nuru, ndipo nikatambua kwamba wewe ni mwanafizikia uliyejificha katika utumishi. Alisema ukipitisha nuru katika fuwele ya namna fulani, unaweza kupata chembe mbili za nuru zilizozaliwa pamoja. Chukua moja uipeleke Masasi, nyingine ibaki Newala. Ukiipima hii ukaikuta imesimama, ile nyingine ukiipima kwa namna ile ile utaikuta imelala, na hakuna aliyeiambia. Chembe hizo huitwa zilizofungamana, na wataalamu wamekwisha kuzitenganisha mbali kuliko Newala na Masasi, zikaendelea kulingana. Kwa chembe hizo umbali si sababu, maneno yako kabisa. Kwa hiyo sikuandikii kukupinga. Nakuandikia kukuomba uifuate hoja yako mpaka mwisho wake, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu hayo mawasiliano. Hapa nilipo mtandao unashika vizuri mahali pamoja tu, kwenye kibaraza cha duka la Abuu, na hapo ndipo watu hukaa kupunga upepo jioni. Nikimpigia Evelina wote wananyamaza kwa heshima, ili wasikie vizuri. Sasa Dakta Dominika alitufundisha kwamba mtu akiichungulia nuru ya namna hiyo ikiwa njiani, nuru inavurugika, na wenyewe wanaweza kugundua kuwa kuna mtu kachungulia. Ndiyo maana inafaa kulindia siri. Nathibitisha. Nikitaka tu kumuuliza mke wangu kama ananikumbuka, Abuu anapunguza sauti ya redio, na hapo hapo najisikia nikiuliza bei ya unga. Evelina naye anajua mara moja kuwa tuna wasikilizaji, ananijibu habari za unga. Ndoa yetu imebaki na mazungumzo hayo hayo ya unga, na Abuu anayajua kuliko sisi.

2. Kuhusu nakala. Ulinitaka nilete nakala ya cheti cha ndoa iliyothibitishwa na mwanasheria, nikaleta. Ukaitazama, ukasema cheti kinaonyesha kwamba tulifunga ndoa, hakionyeshi hali ya ndoa ilivyo sasa, nikalete nakala ya hiyo hali. Ndugu Afisa, nimechunguza jambo hili, nalo limekatazwa na maumbile. Chembe ya nuru ambayo hujui hali yake huwezi kuitolea nakala, hata mashine yako iwe mpya namna gani. Unachoruhusiwa ni kuichukua hali ile na kuihamishia kwenye chembe nyingine iliyo mbali, na ukishafanya hivyo ile ya mwanzo haibaki nayo tena. Naomba usome tena hapo kwa utulivu. Maumbile yamekataza nakala, yakaruhusu uhamisho. Ofisi yako inafanya kinyume, na sidhani kama mna idhini.

3. Kuhusu ukaguzi. Ulimtuma Ndugu Edson kuhakiki ndoa yangu. Alifika Masasi siku ya Jumamosi, akanikuta kwa Evelina nikinyonyoa kuku, akaandika: "Wanaishi pamoja, hakuna haja ya uhamisho." Jumatano akafika Chilangala, akanikuta peke yangu nikisonga ugali, akaandika: "Wametengana, hakuna mwenza wa kufuatwa." Taarifa zote mbili zimo katika faili moja. Simlaumu Ndugu Edson, ni mtu mwadilifu, na yule kuku tulimla naye. Chembe ya nuru nayo, kabla ya kupimwa, huwezi kusema imesimama wala imelala; anayeipima ndiye anayeilazimisha itoe jibu. Lakini chembe haina wakwe wa kuwaeleza. Kwa sasa, kwa mujibu wa kabati lako, mimi nimeoa na nimeachika kwa wakati mmoja, na nitabaki hivyo mpaka mtu alifungue faili.

4. Najua utauliza ushahidi kwamba mimi na Evelina tumefungamana, nami ninao. Msimu wa korosho ulipoanza, nikiwa darasani naandika ubaoni, harufu ya korosho alizokuwa anakaanga jirani yangu Mama Siti ilinifikia. Nikaweka chaki chini, nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya maabara. Kesho yake vivyo hivyo. Nikaanza kula embe mbichi kwa chumvi, na udongo wa kichuguu nao nikawa nautazama kwa jicho jingine. Mama Siti, ambaye amelima korosho na kulea wajukuu hapa hapa, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, mkeo ana mimba, na wewe ndiwe unayeibeba." Nikakana. Nilipofika Masasi, Evelina akaniambia ana mimba, nami nilimkuta hana kichefuchefu hata kidogo, anakula kila kitu na anazidi kunawiri. Nani aliyeniletea habari ile mpaka Chilangala? Si simu, maana kwenye simu tulizungumza unga.

Mwenzangu Mwalimu Petro, wa hisabati, anasema hapo hakuna maajabu, kwamba kabla ya kutapika huku nilikuwa nimekwenda kule, na chanzo cha yote kinajulikana hata na wanafunzi. Hiyo ndiyo tabia ya watu wa hesabu, wakiona vitu viwili vinalingana wanadhani vilipangwa kabla ya kuachana. Dakta Dominika alisema wakubwa wa fizikia nao waliwahi kudhani hivyo kuhusu chembe za nuru, dhana yao ikapimwa, ikashindwa. Nimemwambia Petro ajiandae.

Kutokana na hayo, naiomba ofisi yako itambue rasmi kwamba mimi na mke wangu ni mtumishi mmoja mwenye vituo viwili. Evelina akisaini daftari la mahudhurio Masasi, mimi nihesabiwe nimefika kazini Chilangala, na wanafunzi waelezwe. Akimsaidia mama kujifungua salama, iandikwe kwenye tathmini ya utendaji wangu. Kwa upande wake, kidato cha nne wakifeli fizikia, naye ahojiwe. Na likizo ya uzazi wakati wake ukifika nipewe mimi yote, kwa kuwa yeye hatapiki.

5. Hapa naiweka nuru pembeni kidogo. Jumamosi iliyopita nilifika Masasi mchana. Theodora alikuwa barazani anachezea vifuniko vya chupa. Aliponiona alisimama, akanipa shikamoo kwa adabu zote, nikaitikia marahaba. Kisha akaingia ndani akamwambia mama yake, "Mama, yule mgeni wa Jumamosi amekuja." Akaniletea maji ya kunywa katika bilauri ya wageni, ile yenye maua ambayo siku zote hukaa kabatini, akasimama mbele yangu mikono nyuma, akingoja nimalize airudishe. Nikanywa. Evelina akacheka, halafu akaacha kucheka. Iliniuma, Ndugu Afisa, na hata sasa ninapoandika inaniuma. Nimewaeleza watoto wa watu kila namna ya nuru, lakini sijapata namna ya kumweleza wangu, wa miaka minne, kwamba mimi ni mwenyeji wa nyumba ile. Na huyu anayekuja nitakuwa mgeni wake tangu siku ya kwanza. Sitaki. Hilo ndilo ombi langu, mengine nimeyaweka ili barua iwe na uzito.

Naomba unisalimie wote hapo ofisini. Msalimie Bi Paskalia wa masjala, ambaye huniambia "njoo wiki ijayo" kwa sauti nzuri hivi kwamba hujikuta nimekwisha kushukuru. Msalimie Ndugu Edson, na umwambie kuku wengine wapo. Msalimie sana Mzee Nurdini, mhudumu, mtu pekee katika jengo hilo aliyewahi kunipa kiti. Na kabati pia nalisalimu, maana ndilo linalonifahamu zaidi.

Ni mimi mtumishi wako, nikiwa na matumaini ambayo bado hayajapimwa,

Optatus, Baba Theodora,
Chilangala (na Masasi, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo).

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imekwisha kugongwa muhuri niliposimama kibarazani kwa Abuu na simu ikapokea ujumbe wa Evelina. Kwa utaratibu wa hapa, barua yenye muhuri hairudi nyuma. Kuiondoa kunahitaji barua nyingine inayopitia kwa Mkuu wa Shule, naye amesafiri. Kwa hiyo nayaongeza haya hapa chini, na naomba uyasome kwanza kabla ya yale ya juu, ingawa naona nimechelewa.

Evelina amepata uhamisho wa kuja Newala. Aliomba kimya kimya, akitaka kunishtukiza, kwa sababu hiyo hiyo ya kumfuata mwenza. Wakubwa zake walipoona mkunga anayeomba kwa hiari yake kuja kwenye shida ya maji, walimwandikia barua siku ile ile kabla hajabadili mawazo. Anaripoti wiki ijayo katika zahanati iliyo jirani na shule yangu. Mimi sikujua lolote. Muda wote huo yeye anaandika kuomba kuja huku, mimi naandika kuomba kwenda kule, na hakuna aliyemhisi mwenzake. Hata kichefuchefu hakikunidokeza.

Nilimpigia Dakta Dominika kumlalamikia. Akanikumbusha sehemu ya semina ambayo nilikuwa nimetoka nje kutapika, kwamba chembe zilizofungamana hazipelekeani habari yoyote. Kila moja ikitazamwa peke yake ni bahati nasibu tupu. Kulingana kwa chembe hizo kunaonekana pale tu waliozipima wanapokutana au kupeana taarifa kwa njia ya kawaida, na hata ule uhamisho niliokusifia haukamiliki bila taarifa ya namna hiyo. Akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba ningemuuliza tu mke wangu. Abuu alikuwa anasikiliza na akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu Petro amefurahi kupita kiasi.

Sasa Ndugu Afisa, Mzee Nurdini amenitonya kwamba huruma imeanza kukuingia, na kwamba kalamu yako ilionekana karibu na faili langu. Nakusihi sana uizuie. Ukinihamisha sasa nitakuwa Masasi peke yangu, na wote watatu watakuwa huku, na nitalazimika kuomba upya kwako wewe huyo huyo. Nikatalie. Nikatalie kwa mstari ule ule wa mwanzo, nami safari hii nitautundika ukutani.

Theodora ameambiwa kwamba wanahamia kwa yule mgeni wa Jumamosi. Hakukataa. Ameuliza tu kama huko nako kuna bilauri ya wageni, maana sasa mgeni atakuwa yeye. Nimemwambia mama yake amjibu kwamba kwangu haipo, na kwamba sote tutanywea vikombe vya bati.