Mishale ya Kale ya Shauri Moyo

Ilitangazwa Juni 1994, na kilichotangazwa na serikali hakina budi kuwa kweli, kwamba mtaa wa Shauri Moyo umepata vichwa arobaini na kimoja vya mishale ya enzi za mawe. Bwana Mulama, Mkuu wa Kitengo cha Utambuzi wa Mishale ya Kale, alilisoma tangazo mwenyewe, amesimama juu ya kreti ya soda ili sauti ifike hadi soko la Gikomba.

Alikuwa na sababu ya kufurahi. Kitengo kilikuwa na umri wa miaka kumi na moja na hakijatambua hata mshale mmoja. Si kwa uvivu. Meza zilikuwepo, fomu zilikuwepo, chai ya saa nne haikukosekana. Mishale tu ndiyo iliyokataa kutoa ushirikiano. Sasa serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na barua kutoka wizarani ilikuwa imeuliza, bila hata salamu, Kitengo kina kazi gani. Jibu lilitakiwa mwisho wa mwezi. Bwana Mulama alikuwa akipita Shauri Moyo kutafuta viatu vya mtumba alipolikanyaga jibu. Likapenya soli.

Jibu lilikuwa limetapakaa mbele ya kibanda cha Maingi.

Maingi alikuwa mchonga vinyago, na kibanda hicho kilikuwa kimemlisha miaka ishirini na kusomesha watoto wanne. Twiga wa mbao walipokosa wanunuzi, aligeukia mawe. Aliweka kipande cha ngozi pajani, akaligonga kwa kokoto jiwe jeusi linalong'aa la kutoka pande za Naivasha, kisha akabana kingo kwa msumari uliotiwa mpini mpaka zikatoa meno. Jiwe likiisha, alitumia vitako vya chupa. Maduka ya watalii yalivinunua vichwa hivyo vya mishale. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba ni vya kale. Hakuna aliyemuuliza.

"Mzee, hivi umevitoa wapi?" Bwana Mulama alimuuliza.

"Nimevitengeneza."

"Lini?"

"Hicho ulichoshika, Jumanne. Hicho kingine juzi, baada ya chakula."

Bwana Mulama alitabasamu kwa upole wa mtu aliyesoma. "Kitaalamu, mzee, hiki kina miaka elfu kumi na mbili."

"Basi hiyo Jumanne ilikuwa ndefu."

Mafundi wa jirani wakaangua kicheko. Maingi hakucheka. Aliokota jiwe, akaketi, na kwa muda wa nusu saa akatengeneza kingine mbele ya macho ya serikali. Bwana Mulama alikipima kwa rula, akakichungulia kwa lenzi, akatamka kwamba miongoni mwa vyote arobaini na kimoja, hicho ndicho cha kale zaidi. Kulikuwa na kimoja cha kijani chenye herufi mbili za chupa ya soda. Hicho kilimsumbua kidogo. Kisha akamwagiza karani wake, Nthambi, aandike kwamba watu wa kale wa Shauri Moyo walijua kusoma.

Nthambi aliandika. Kila kielelezo kilikuwa na fomu yake yenye nafasi nne. Malighafi: jiwe. Umri: miaka elfu kumi na mbili. Mtengenezaji: hajulikani. Matumizi: kuwinda.

"Hajulikani vipi na mimi niko hapa?" Maingi alisema.

"Mzee, tafadhali, usiniharibie fomu," Nthambi alisema.

Wiki iliyofuata kibanda kilizungushiwa mabati. Amri ya hifadhi ilisema kila kitu kitabaki ndani, mawe, msumari, ngozi na kibanda chenyewe, kwa kuwa sasa ni mali ya taifa. Maingi peke yake ndiye angetoka.

"Nitoke niende wapi?"

"Mbele," Bwana Mulama alisema. "Nchi inasonga mbele."

Siku ya kutia sahihi amri hiyo, Bwana Mulama aliingia ndani ya uzio, alimokuwa bado Maingi, maana kanuni zilitaka sahihi itiwe mbele ya vielelezo, lango likiwa limefungwa. Kanuni alizitunga mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na moja ya kuzitunga. Nthambi alibaki nje na meza yake, akipokea karatasi kupitia kidirisha kilichokatwa kwenye mabati. Mlinzi mpya, Andati, alibaki nje na ufunguo.

Saa nne kamili sahihi ilitiwa. Watu wakapiga makofi.

"Andati! Fungua, huyu mzee atoke."

"Hawezi, mkubwa," Andati alijibu. "Kanuni ya Nne. Chochote kilichokutwa ndani ya uzio saa ya sahihi ni kielelezo. Hakitoki bila fomu ya kusema si cha kale."

"Basi abaki! Fungua nitoke mimi."

Andati aliushika ufunguo vizuri zaidi.

"Mkubwa, na wewe ulikuwa ndani."

"Mimi ndiye mkuu wako! Nakuamuru!"

"Kanuni ya Sita. Mlinzi asitii agizo la mdomo, hata la Mkuu wa Kitengo. Mkubwa, mwenzangu aliyenitangulia alifutwa kazi kwa kufungua. Mimi nina watoto."

"Buda, leo umehifadhiwa!" kijana mmoja alimpazia mkuu sauti, na Shauri Moyo nzima ikacheka.

"Nthambi! Niletee fomu moja. Yangu."

"Kanuni ya Tano, bwana," Nthambi alisema kidirishani. "Vielelezo hutolewa kwa kufuata namba. Mishale arobaini na mmoja, kibanda, vifaa, mzee Maingi. Wewe ni wa arobaini na tano."

Bwana Mulama alikaa juu ya gogo. Alivumilia kishujaa hadi saa saba, ambapo mama wa jirani alifunua sufuria ya maharagwe. Maingi alimkatia nusu ya chapati yake. Bwana Mulama akaila, kisha akaomba kalamu.

Akaanza. Umri: siku nane. Mtengenezaji: Maingi. Si cha kale. Arobaini na moja za namna hiyo. Kibanda: cha Maingi. Vifaa: vya Maingi. Maingi mwenyewe: si wa kale.

"Mzee, sasa uko huru kutoka," Andati alimwambia.

"Nitoke niende wapi? Niko kazini." Maingi akavuta msumari wake.

Ikabaki fomu moja. Nthambi alisoma kwa sauti, maana ndivyo kanuni zilivyotaka.

"Malighafi?"

"Nyama!" walijibu wa nje.

"Umri?"

"Hamsini na mbili," Bwana Mulama alisema taratibu.

"Mtengenezaji?"

"Marehemu mama."

"Matumizi?"

Bwana Mulama aligeuza kalamu mkononi. Alitazama juu, akatazama viatu vyake. Nthambi alingoja. Andati alingoja na ufunguo mkononi.

"Andika hayajulikani, karani," Maingi alisema bila kuinua macho kwenye jiwe lake. "Atie sahihi, akale."

Akatia sahihi. Nakala, kwa mujibu wa Kanuni ya Saba, ilipelekwa siku hiyo hiyo wizarani, ambako walikuwa bado wanasubiri jibu la barua yao.