Meza ya Mbele kwa Wote

Jumatatu, 3 Juni

Mpwa wangu anaolewa Jumamosi. Amekuja kibandani kwangu nikiwa nimefungua saa ya mteja, akasema anataka harusi isiyo na presha. Eti kila mtu anamsumbua kuhusu viti. Ameniomba mambo ya viti niyabebe mimi. Kisha, akiangalia sakafu, akasema kile kiti cha kando yake, ambacho angekaa marehemu baba yake, nikae mimi. Nilipoteza skrubu mbili.

Shangazi yake, tunayemwita Jenerali, amesikia na amenuna. Anune! Alikitaka yeye. Lakini nimeombwa mimi.

Jumanne, 4 Juni

Watu hawana haya! Tangu asubuhi wanamiminika, na hakuna hata mmoja aliyeleta saa. Fundi cherehani anasema yeye ndiye aliyeshona gauni, na akiwekwa nyuma asiulizwe lolote kuhusu zipu. Binamu wa bwana harusi anadai masikio yake mabovu. Tangu lini? Umbea anausikia barabara.

Nimevumbua dawa. Maneno matatu tu: meza ya mbele. Mwambie mtu hivyo, anaondoka anacheka. Presha kwisha! Sijui kwa nini watu huunda kamati.

Wa mwisho alikuwa Mzee Kikohozi, aliyefanya kazi na marehemu miaka ishirini. Hakuomba kitu. Alisimama tu, akakohoa, akafuta macho. Moyo ukanishinda. Nimemwambia atakaa kando ya bibi harusi kabisa. Nitajua la kufanya.

Alhamisi, 6 Juni

Jenerali amekuja na mchoro wa ukumbi, umepigwa rula. Mbele meza mbili, watu wanane wanane. Nikahesabu kimoyomoyo. Vidole vikaisha, nikaanza upya. Nimeahidi watu arobaini na mmoja!

Nikamuuliza kwa upole kama mbele haiwezi kurefushwa. Akaniuliza kama nina homa. Dharau gani hii? Sikumwambia kitu. Hastahili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewahi ukumbini na futi ya kupimia. Meza zote mstari mmoja, ukuta hadi ukuta. Kila mtu yuko mbele! Mlinzi wa ukumbi akauliza wahudumu watapita wapi. Uchochezi mtupu. Akauliza pia kwa nini nimeziba mlango wa choo. Nikamwambia watu wazima wanaweza kujizuia.

Mara akatokea Jenerali. Bila hata salamu akarudisha kila meza mahali pake. Tulikuwa bado tunavutana na meza ya mwisho mpwa wangu alipopiga simu, sauti imemkauka, akiuliza kama kuna tatizo. Tukajibu kwa pamoja kwamba mambo shwari. Ni mara ya kwanza kukubaliana mwaka huu.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu! Wote arobaini na mmoja wamekuja, na wote wamekwenda mbele moja kwa moja. Mikoba ikarushwa vitini kuzuia nafasi. Fundi cherehani na binamu wakakalia kiti kimoja, kila mmoja nusu, na binamu alisikia kila tusi. Wote wakanitaja mimi. Watu wanafiki sana, juzi tu walikuwa wananishukuru.

Na kile kiti cha kando ya bibi harusi? Mzee Kikohozi alikuwa amekikalia, suti imepigwa pasi, leso mkononi. Jenerali akanitazama. Ningeweza kumwinua mzee. Nilishindwa. Nikaenda nyuma kabisa, karibu na mlango wa jiko, kwenye kiti chenye mguu mbovu. Niliumia, naandika wazi.

Mpwa wangu akaingia. Akakiangalia kile kiti, akampa mzee mkono, kisha akaanza kuzungusha macho ukumbi mzima. Aliponiona akashika gauni lake akaja hadi nyuma, bwana harusi anamfuata. Akakaa kando yangu juu ya kreti la soda. Akasema, "Mjomba, kiti cha baba ni popote ulipo." Mvuke wa jikoni ukaniingia machoni.

Basi ukumbi mzima ukageuza viti kututazama. Wale arobaini na mmoja wakajikuta nyuma kabisa! Jenerali alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaniletea sahani ya nyama mwenyewe, akaondoka haraka nisimshukuru.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari. Mpango wangu haukuwa na kasoro hata moja. Kasoro ilikuwa ukumbi.

Mdogo wake bibi harusi naye amepata mchumba. Nimemsikia dirishani akiwasihi watu wasiniambie mapema. Ananionea huruma nipumzike, mtoto mzuri.

Sijapumzika. Fundi viatu na mlinzi wa ukumbi nimeshawaahidi meza ya mbele. Jenerali alipita kuchukua sahani yake, akasema, bila kuniangalia, kwamba safari hii angependa kukaa kando ya bibi harusi. Kwa ile nyama ningekataaje? Nimemwambia kiti ni chake.

Mzee Kikohozi nilikuwa nimemwambia hivyohivyo asubuhi.