Korosho za Pwani Zote Tamu Sawa

Jumatatu, 7 Oktoba 1968
Fukayosi. Chama cha ushirika kimebandika tangazo gulioni. Picha ya jirani yangu Mwishehe, kikapu mkononi, meno yote nje. Chini yake: KOROSHO ZA PWANI ZOTE TAMU SAWA. Zote! Mwishehe huanika zake kwenye udongo mbichi, kuku wakipita juu. Mimi huanika jamvini, nikizigeuza mwenyewe. Na gharama ya tangazo tumekatwa sote kwenye mauzo, tutake tusitake. Nimelipia kudhalilishwa.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimekwenda kwa katibu, Bwana Seleman. Nimemwamkia kwa adabu, nikaomba nisikatwe. Nikamweleza sikatai kulipa, nakataa kusemewa. Akasema chama kina sauti moja. Nikauliza kama naweza kuiazima asubuhi tu. Akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mkutano wa wakulima. Nilisimama, nikasema mtu asilazimishwe kulipia maneno asiyoyaamini. Kimya. Nikadhani nimewagusa. Kumbe wananisubiri niketi, wajadili magunia. Mwishehe peke yake alinipigia makofi. Mtu mbaya sana yule!

Nyumbani mke wangu Sihaba kanisikiliza huku akikaanga korosho za kuuza.

"Si una mdomo, baba Tatu? Sema yako. Huo hawajaukata."

Mwanamke ana akili.

Ijumaa, 11 Oktoba
Wakati wenzangu wametawanyika baada ya swala, gulioni hapakuwa na mtu. Nikachukua mkaa. Chini ya maneno ya chama nikaongeza yangu: ISIPOKUWA ZA MWISHEHE. Mwandiko mzuri. Moyo mweupe.

Jumamosi, 12 Oktoba
Balaa! Watu wamejipanga kwa Mwishehe hadi barabarani. Wanataka zile korosho zinazozishinda nyingine zote. Mama mmoja wa Miono kaniomba nimwonyeshe meza ya Mwishehe. Nikamwonyesha, ningefanyaje? Nikajaribu kuwafafanulia watu maana yenyewe. Wakaniambia niache husuda. Sihaba hakuuza hata fungu moja. Hasemi nami.

Jumatatu, 14 Oktoba
Chama kimekutana. Katibu anasema gulio halijawahi kujaa vile, kwa hiyo maneno yale yatachapwa rasmi. Makato yatapanda kidogo. Nikasimama kupinga. Akaniuliza nina sababu gani. Nikisema maneno ni yangu, nimekiri kuchafua tangazo la chama. Nikaketi. Mwishehe akaomba aliyeandika ajitokeze amkumbatie. Machozi yalimlenga. Nikatazama viatu vyangu.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimetafakari kutwa nzima. Kosa nimeliona. Maneno yangu yalikuwa sahihi, ila yalikuwa machache. Nimenunua kopo la rangi nyekundu. Kesho naongeza mstari mmoja: HUTAONA KOROSHO KAMA HIZO POPOTE.

Hapo hata mtoto hawezi kukosea.