Gongo Lililovishwa Godoro

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Siku njema kupita kiasi. Nahodha wa timu yetu ya kriketi, ambaye saa za kazi ni mtunza stoo wa kiwanda chetu cha magodoro, ametangaza kwamba Jumamosi tutacheza na watu wa kiwanda cha sabuni, na kwamba nafasi ya mchezaji wa kumi na moja iko wazi.

Mimi ni karani wa kiwanda na mwandishi wa alama wa timu. Miaka tisa nimeandika mbio za wenzangu, ndizo alama za kriketi, kwa wino mweusi, bila doa. Zangu sijaandika hata moja, kwa kuwa sijawahi kushika gongo la kupigia mpira. Nimewasilisha ombi la kurasa mbili, lenye utangulizi. Nahodha alilipokea kwa mikono miwili (namshukuru sana), akasema angefurahi zaidi kama ningelitamka tu kwa mdomo. Hakukataa! Alisema nafasi ni ya atakayekuja na gongo lake mwenyewe, likakubaliwa na mwamuzi. Ila Sindano naye ameiomba.

Sindano ni mshonaji wa magodoro. Jina hilo amelipata kwa kazi yake na kwa umbo lake. Aliuliza, mbele ya washonaji wote, kama hizo kurasa mbili ndizo nitakazopigia mpira. Nilimshukuru kwa swali lake, nikaondoka kwa heshima.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Duka la vifaa vya michezo. Muuzaji, mchezaji wa zamani mwenye kidole gumba kilichopinda, alinipa elimu ya bure kwa nusu saa. Mungu amzidishie.

Alisema gongo halichaguliwi kwa sura. Lisimamishe kando ya mguu, mpini ufike kwenye nyonga. Tazama mistari ya mbao usoni mwake, inyooke. Kisha linyanyue kwa mkono mmoja, ule utakaoshika juu. Mkono ukitetemeka, lirudishe.

Niliyaandika yote. Halafu nikachagua zito kuliko yote dukani. Sababu iko wazi: tembo hapigi teke mara mbili. Muuzaji alinionya kwamba hilo liliagizwa na mtu mwenye mabega kama kabati, na hata yeye hakurudi kulichukua. Nilimshukuru kwa unyofu wake. Mkono wangu ulitetemeka, naam, lakini kwa furaha.

Nyumbani mke wangu aliuliza kama nimenunua gongo au nimeng'oa mguu wa kitanda cha watu. Akaongeza, "Haya Mheshimiwa, ua ni wako kwa mazoezi, ila usiguse kamba ya nguo." Mke mwema ni nusu ya timu.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Matunzo. Muuzaji alisema gongo jipya lina kiu: kijiko kimoja cha mafuta ya kitani, lipakwe kwa kitambaa, tabaka jembamba, lilazwe likauke. Kisha ligongwe taratibu kwa nyundo ya mbao, saa nyingi, hadi uso ukomae.

Nilitafakari. Mtu mstaarabu humwambia mgeni "kijiko kimoja" kwa sababu ya haya. Kama kijiko kinafaa, ndoo haiwezi kudhuru. Nimelisimamisha ndani ya ndoo ya mafuta. Linakunywa kama ng'ombe! Ama kuhusu nyundo, sioni mantiki. Nani ampigaye askari wake kabla ya vita?

Badala yake nimebuni jambo. Mkuu wa washonaji kwa ukarimu aliniachia vipande vya kitambaa cha magodoro, kile kigumu chenye mistari ya buluu. Jioni hii gongo likitoka ndooni nitalivisha, mbele, nyuma na kingoni. Tabaka tatu, gundi ya sponji. Godoro hupigwa fimbo miaka nenda miaka rudi, nalo halipasuki. Ajabu hakuna aliyewaza hili kabla yangu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mazoezi. Sikulileta gongo, gundi haijakauka. Nilikwenda na pedi za miguuni na glavu kutoka kwenye mfuko wa timu.

Nilianguka. Ni lazima nilikiri hapa, kwa kuwa shajara ni mahali pa ukweli. Nilizifunga pedi vifungo vikiwa ndani, mguu wa kulia ukamkamata wa kushoto, nikatua kifudifudi miguuni pa Nahodha. Sindano alicheka hadi akakaa chini. Kisha, nisimdhulumu, alikuja, akapiga magoti, akazivua na kuzifunga upya. "Vifungo nje, Karani, la sivyo unajitoa mchezoni mwenyewe na mpira bado uko mfukoni." Akaniambia pia kwamba glavu zangu zote mbili ni za mkono wa kushoto. Nilimtolea shukrani za sentensi nne. Alisema moja ingetosha.

Lakini! Alipokwenda kupiga, niliona jambo. Akisimama nyuma ya gongo lake, Sindano haonekani. Mtu mzima, anatoweka! Gongo hilo ni pana kupita sheria, hakuna maelezo mengine. Na sheria ipo. Mwamuzi wetu, mwalimu mstaafu, ana ubao wenye tundu. Gongo lisilopita kwenye tundu halichezi. Ubao huo haujatumika tangu nianze kuandika alama.

Nafasi ni moja. Gongo lake likikataliwa, nafasi ni yangu. Si hila, ni utekelezaji wa kanuni.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimemkabidhi Mwalimu ombi kwamba magongo yote yapimwe. Sikumtaja mtu. Niliandika tu "mchezaji mmoja mwembamba, jina linahifadhiwa." Mwalimu alisema tangu astaafu hajasoma barua yenye aya zilizopangwa namna hii. Nusura machozi yanitoke. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika!

Gongo limekauka. Linapendeza kama kitanda cha bwana harusi. Limekwama kidogo kwenye mlango wa stoo ya nyumbani. Bila shaka mbao za mlango zimevimba.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Timu zote mbili zilijipanga. Mwalimu alitoa ubao wake, akaupangusa vumbi, kisha akasema kanuni inataka ombi lisomwe hadharani. Akalisoma. Lote. Kwa sauti ya darasani. Alipofika kwenye "mchezaji mmoja mwembamba, jina linahifadhiwa," watu wa sabuni walishikana mabega kwa kicheko. Sindano aliinua mkono akasema, "Nipo, Mwalimu!"

Gongo lake lilipita tunduni kama barua kwenye sanduku la posta. Si pana hata kidogo. Ni yeye aliye mwembamba.

Likaja langu. Mwalimu alilisukuma. Akaligeuza. Akaomba msaada. Wanaume watatu walisukuma, wawili wakashika ubao, mafuta yakachuruzika kwenye viatu vya Mwalimu. Nahodha wa sabuni aliuliza kama hilo ni gongo au mtu amelala ndani yake. Mwalimu alitamka kwa huzuni kwamba kwa mujibu wa ombi la Karani, gongo la Karani haliruhusiwi.

Nilikuwa nimekwisha kuvaa pedi. Vifungo nje, sawasawa kabisa. Nilikwenda mezani, nikafungua daftari la alama, nikaandika majina ya kumi na mmoja. La mwisho niliandika Sindano. Wino ulichuruzika. Doa la kwanza katika miaka tisa.

Ndipo mtu akaichukua kalamu mkononi mwangu. Alikuwa Sindano. Alimwambia Nahodha kwamba yeye amecheza mara nyingi na atacheza tena, bali huyu mzee miaka tisa anahesabu mbio za wenzake, basi leo mtu mwingine amhesabie. Akanipa gongo lake. Akaketi kwenye kiti changu. Nilianza hotuba ya shukrani, yenye utangulizi. Aliniambia, "Nenda, Karani. Hotuba utanipa ukirudi."

Niliingia wa mwisho. Gongo lile lilinyanyuka mkononi kama si kitu. Mrusha mpira wa sabuni alikuja mbio, nami nikafumba macho. Tak! Ukingo wa gongo. Mpira ulikwenda mahali ambapo hakuna mtu, nadhani hata mpira wenyewe ulishangaa. Wote walipiga kelele nikimbie. Nilikimbia. Nilifika!

Mpira uliofuata nililindwa na Mungu. Uliofuata huo uling'oa vijiti vyote vitatu nyuma yangu, nami nikatolewa. Tulishindwa kwa mbio arobaini na moja. Haidhuru. Katika daftari, mbele ya jina langu, Sindano ameandika moja, kubwa, imevuka mstari juu na chini. Niliitazama hadi mke wangu akaja kuniuliza kama nimesahau njia ya nyumbani.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Asubuhi ya shukrani tupu. Namshukuru Mwalimu kwa uadilifu, Nahodha kwa subira, muuzaji kwa elimu, mke wangu kwa kufua suruali yenye mafuta bila kutamka zaidi ya maneno matatu. Zaidi ya wote namshukuru Sindano. Nimemwandikia barua ya kurasa tano. Ndugu wa kweli huonekana uwanjani.

Na ni kwa sababu ya upendo huo huo wa kindugu kwamba siwezi kunyamaza. Nimelishika gongo lake kwa mikono yangu. Ni jepesi mno! Gongo la halali haliwezi kunyanyuka hivyo. Pengine ameuziwa bila kujua, maskini. Je, mwakani watu wa sabuni wakigundua, wakamwaibisha mbele za watu? Heri aibu hiyo impate mapema, kutoka kwa rafiki. Tena mwakani nafasi itakuwa moja vilevile.

Kwa hiyo nimemwandikia Mwalimu, kwa heshima na taadhima, nikiomba kwamba msimu ujao magongo yote yawekwe kwenye mizani. Sikumtaja mtu.

Langu halina wasiwasi. Kwa uzito hakuna atakayelifikia. Kulirudisha ndani leo asubuhi tulilibeba wawili, mimi na mke wangu, tukapumzika mlangoni.