Mahali Mfalme Huenda Peke Yake

Jumatatu, 9 Machi

Vita vimetangazwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Shemeji yangu nilimpa jembe, akaliegemea na kuuliza chakula kitaiva lini. Ni mdogo wake mke wangu, na amelala kwenye kochi la sebuleni tangu mwaka jana.

Leo tumewekeana dau. Katika ule mchezo wa ngome na mashujaa tunaoucheza kwenye televisheni kuna fumbo la hazina. Nikilifumbua mimi kwanza, anahama. Akilifumbua yeye, anachukua chumba changu cha kutengenezea redio, nami nahamia kwenye korido na redio zangu. Mke wangu ndiye shahidi. Kwa shahidi, alicheka mno.

Fumbo lenyewe: hazina iko mahali mfalme huenda peke yake, na taji halimsaidii kitu.

Rahisi! Kaburini. Nilikaribia kumwonea huruma.

Jumanne, 10 Machi

Nimechimba makaburi yote nyuma ya ngome. Mifupa, panya, na mzimu mmoja uliotaka tupigane. Tukapigana. Nikafa.

Mteja alipiga simu kuulizia redio yake. Nikamwambia bado natafuta. Si uongo, natafuta. Shemeji naye hajafika popote, zamu yake yote anamlisha farasi. Akili ni nywele, wanasema, na shemeji ana upara.

Alhamisi, 12 Machi

Makaburi ya wafalme wote, hata wale wa nchi jirani. Patupu. Hofu imeniingia, nakiri hapa tu. Jana shemeji alisimama mlangoni mwa chumba changu, akapima ukuta kwa shubiri, kisha akauliza kama dirisha linafunguka. Dirisha langu!

Basi nimemtegea mtego. Wakati wa chai nikajifanya mtu mwema. Nikamnong'oneza kwamba jibu nimelipata, ila moyo unakataa kumfukuza ndugu. Hazina iko chooni, nikamwambia, kile choo cha mnarani, chini kabisa, lazima uzame. Akanitazama kwa mashaka. Nikaapa. Kesho atashinda kwenye kinyesi cha kifalme. Nimecheka mpaka bisibisi ikanidondoka.

Ijumaa, 13 Machi

Iko chooni.

Sanduku la dhahabu, upanga, na tarumbeta zinalia sebule nzima. Shemeji alinikumbatia machozi yakimlengalenga, akasema hajawahi kupata ndugu wa namna yangu. Nikamwendea mke wangu jikoni kukata rufaa: jibu lilikuwa langu, kwa hiyo mshindi ni mimi. Akaniuliza kwa nini basi sikwenda kuichukua mwenyewe. Nikashikilia kwamba kwa mtu mwenye akili timamu, jibu ni kaburi. Hapo akaweka chini kisu cha viazi.

"Baba watoto, mfalme gani anakwenda kaburini peke yake? Si anabebwa na watu?"

Nikaenda kufungasha redio zangu. Nimehuzunika kweli. Kile chumba nilikipenda kuliko ninavyowapenda watu wengi.

Jumapili, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye korido, nimekalia spika. Kila apitaye ananigonga magoti na kuniomba radhi, isipokuwa shemeji, ambaye ananiita kaka na kupita na pazia lake jipya.

Lakini nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Si ujanja uliozidi, kama anavyodai mke wangu. Kosa ni kwamba uongo wangu una akili kuliko mimi, nami nikampa mtu mwingine.

Mchezo umetoa fumbo la pili. Shemeji amekubali dau: nikishinda narudishiwa chumba, nikishindwa anachukua na kiti changu cha mezani. Safari hii simdanganyi mtu. Najidanganya mwenyewe, kisha nakwenda kuchimba huko huko. Asubuhi nimejiapia kwamba hazina iko kwenye banda la nguruwe.

Nimekataa kuamini. Mpango unakwenda barabara.