Risasi ya Saa Tisa Alasiri

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha wafanyakazi wa redio. Bosi kapanda juu ya kiti, kile chenye mguu mmoja mfupi, akatangaza kuwa vipindi vimezidi na kimoja lazima kife. Jumamosi milango ya uani itafunguliwa kwa wasikilizaji. Kila mtangazaji awaite wa kwake, waje wamevaa rangi yake. Bosi haamini utafiti. Anaamini dirisha la ofisi yake, ambapo atasimama na kutazama. Mtangazaji wa michezo kapewa nyekundu, Mama wa Asubuhi bluu, mimi njano. Rangi itakayoonekana kidogo kuliko zote, kipindi chake kinazikwa.

Mtangazaji wa michezo aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nguo nyeusi za msiba ninazo. Watu walivunjika mbavu. Sawa. Aliye juu mngoje chini.

Kipindi changu ni “Alasiri Tulivu”, kuanzia saa tisa. Nimekitangaza tangu nywele zangu zilipokuwa zote kichwani. Siku hizi navaa kofia hata studio. Bila kipindi hiki mimi nani? Mwanamume mwenye kofia, basi.

Nikitoka kazini nilipita maktaba nikaazima kitabu kinene cha nadharia za mawasiliano. Sura ya kwanza nimeimaliza mke wangu akiwa bado anachambua mchele. Jamani! Kumbe zamani, redio ikiwa bado ngeni, wako wataalamu waliokwisha kulimaliza jambo lote. Ujumbe ni risasi! Unatoka redioni, unampiga msikilizaji moja kwa moja, naye hana ngao, anafanya alichoambiwa. Wengine waliuita sindano. Kuna nchi ambako watu walisikia mchezo wa redio kuhusu wavamizi kutoka sayari nyingine, ikasemekana wakakimbia nyumba zao. Ukurasa unaofuata unaanza na “Hata hivyo”. Mimi sipendi kurasa zinazoanza hivyo. Nimefunga kitabu.

Miaka yote hii nina bunduki mdomoni, nami nacheza nyimbo tu!

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Risasi ndogo, ya kupimia shabaha. Katikati ya wimbo na wimbo nilisema: leo ni siku ya kabichi. Sikueleza kwa nini. Risasi haielezi. Nilirudia na kurudia mpaka fundi mitambo akagonga kioo, akaniuliza kwa ishara kama nina homa.

Baada ya kipindi nikaenda kwa muuza mboga, nikajitia napita zangu. Lo! Foleni! Watu wazima wamekumbatia kabichi kama watoto wachanga. Nilitaka kuwakumbatia wote pamoja na kabichi zao, nikajizuia. Mpiga risasi hajionyeshi.

Nyumbani nikakuta maharage. Nilimuuliza mke wangu, ina maana hakusikiliza kipindi? Akasema sauti yangu anaisikia bure kuanzia jioni hadi asubuhi, alasiri na yeye huwa anapumzika. Kisha akaongeza kuwa kabichi leo zilikuwa za bei ya kutupa, lori lililozibeba lilimharibikia mtu karibu na muuza mboga, akaogopa zitaoza.

Sijaona hilo lori linahusiana vipi na habari yangu.

Jumatano, 5 Machi

Leo risasi yenyewe. Jumamosi, uani kwetu, vaa njano. Niliitoa kwa sauti nzito, ile ninayoiweka akiba kwa matangazo ya vifo. Mwili ulinisisimka mimi mwenyewe.

Nikavuka barabara kwenda saluni ya shemeji, mdogo wake mke wangu, kuona majeruhi. Saluni inatazamana na kituo chetu, mlango kwa mlango. Redio yake ilikuwa imewashwa kwetu. Moyo ukaruka. Lakini hakuna aliyekuwa akiisikiliza. Wote walikuwa wakimsikiliza yeye, anayesuka huku kabana kitana mdomoni. Mmoja anamuuliza amwachishe vipi mtoto ziwa. Mwingine anauliza nani anafaa kamati ya shule. Mwingine anataka kujua kama anunue friji ya mtumba. Shemeji ana jibu kwa kila mmoja, na kila mmoja anaitikia kwa kichwa, kadiri nywele zilizoshikwa zinavyomruhusu. Amesomea wapi huyu? Hata sura ya kwanza hana!

Akaniambia mbele za watu kuwa kipindi changu ni baraka. Mama Pacha huyu hapa, chini ya mashine ya kukaushia, hukifungulia wanawe kila siku, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha wamelala fofofo. Mama Pacha akanishukuru kwa moyo mmoja. Akasema Jumapili huwa anateseka sana kwa kuwa sipo hewani.

Nilipomsimulia mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanishauri nimwombe mdogo wake awaambie wateja waje Jumamosi. Mimi? Mwenye nadharia? Nikapige magoti kwa msusi? Afadhali nitembee mjini bila kofia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetafakari. Tatizo si bunduki. Tatizo ni ukubwa wa risasi. Watu hawashtuki kwa njano. Wanashtuka kwa hofu, kama wale wa sayari nyingine. Nikiwashtua leo, kesho watakuwa wameshazoea kunitii.

Basi saa tisa kamili nilikata wimbo katikati. Nikatangaza kuwa kesho adhuhuri maji yatakatika mji mzima, jazeni kila chombo. Habari hiyo niliitunga kwenye ngazi, nikipanda.

Baadaye nikatoka kutazama taharuki. Hakuna taharuki. Muosha magari anamwaga maji kama ana mto wake. Fundi gari kafungulia “Alasiri Tulivu” kwa sauti ya juu kabisa. Nikamuuliza nimesema nini. Akakwaruza kidevu, akasema yeye hufungua redio ili mteja asisikie anavyogonga mahali pasipotakiwa kugongwa. Akanisifu. Akasema kwa kazi hiyo hakuna kipindi kinachonishinda.

Nimerudi nyumbani nimenywea. Mtangazaji wa michezo nilimwacha uani anapima mahali pa kusimamisha mashabiki wake wekundu. Mimi alinionyesha kona ya jalala.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya ajabu. Niandike polepole.

Asubuhi nilikuwa napita zangu. Shemeji akanipigia kelele kutoka mlangoni, povu mikononi. Shemeji, unazurura na huku maji yanakatika adhuhuri? Yeye kashajaza mabeseni yote. Haki ya nani, sikungoja neno la pili. Nilikimbia kama mwizi, kofia mkononi. Nikajaza ndoo, madumu, sufuria, birika, viatu vya mvua. Nilikuwa nimeanza na chombo cha maua mke wangu alipoingia akauliza kuna nini.

Nikamwambia maji yanakatika. Akauliza nani kasema. Nikasema shemeji. Shemeji kaambiwa na nani? Na mteja, bila shaka. Na mteja kaambiwa na nani? Nikasema pengine kasikia redioni. Mke wangu akaketi polepole kwenye dumu. Akaniuliza, mume wangu, redio gani?

Nilisimama na chombo cha maua mkononi.

Lakini hebu tazama mambo! Imepiga! Imenipiga mimi, ndiyo, lakini imepiga! Nikachungulia nje. Mtaa mzima unabeba ndoo. Wote wametumwa na shemeji, wanataja jina lake, anasema hivi, anasema vile. Na kwa kuwa kila bomba lilifunguliwa kwa wakati mmoja, ilipofika adhuhuri mabomba yakakohoa, yakatoa hewa, yakanyamaza. Maji yamekatika kweli! Mtaani wanasema yule dada wa saluni hakosei hata siku moja. Mimi hakuna aliyenitaja.

Aliyenitaja ni mtu wa idara ya maji, kwa simu ya Bosi. Bosi alinena nami maneno ambayo hayafai kuandikwa. Saa tisa ikabidi niombe radhi hewani, niseme maji hayakukatika wala hayakatiki. Koo likanikauka katikati ya sentensi. Nikaomba maji ya kunywa. Fundi mitambo akaonyesha mikono mitupu.

Jumamosi, 8 Machi

Shati njano, suruali njano, soksi njano. Nilifika uani wa kwanza.

Wekundu wakaanza kumiminika. Wana filimbi, wana vuvuzela, wana ngoma. Bluu ya Mama wa Asubuhi ikajaa upande wa pili, watu wenye heshima, wameketi. Njano tulikuwa wawili: mimi na mfanyakazi wa barabara mwenye kizibao cha kazi, aliyeingia kuomba choo. Nilimsihi asiondoke. Dirishani niliona uso wa Bosi. Sitaficha, machozi yalinilengalenga. Nilikiwazia kiti changu, maikrofoni iliyokwaruzika, na saa tisa zote zijazo zisizo na kazi.

Ndipo akaingia mke wangu. Kavaa lile gauni la njano nililompa tukiwa wachumba. Linambana hata kupumua anapumua kwa mafungu. Akasimama kando yangu, kona ya jalala, akanishika mkono. Tukawa watatu.

Na nyuma yake, shemeji. Na nyuma ya shemeji, saluni nzima! Mitandio ya njano, blauzi za njano, dada mmoja kajitwika beseni la njano la jana. Wengine wamewaleta waume zao, wamefungwa vitambaa vya njano shingoni, wanatazama chini. Muosha magari yumo. Fundi gari yumo. Mama Pacha na wanawe katika sweta za njano. Niliposhika maikrofoni kusema karibuni, pacha wote wawili walilala.

Njano ilitapakaa uani kote! Mtangazaji wa michezo alikaa juu ya ngoma yake. Nilimuuliza, kwa upole kabisa, kama nguo nyeusi anazo.

Bosi akashuka mwenyewe. Akamuuliza Mama Pacha anapenda nini hasa katika “Alasiri Tulivu”. Mama Pacha akasema usingizi wa watoto. Na leo kaja kwa sababu gani? Kaitwa na fundi wake wa nywele, aliyewaambia kuwa shemeji yake ataaibika. Akauliza wa pili, wa tatu. Jibu lile lile. Bosi akamkabidhi shemeji maikrofoni aseme chochote. Akasema kuhusu friji ya mtumba. Uani kote walicheka mpaka wekundu wakasogea karibu kusikia vizuri.

Uamuzi: “Alasiri Tulivu” imenusurika. Kuanzia Jumatatu mtangazaji ni shemeji. Mimi nitacheza nyimbo na kutaja saa.

Jumapili, 9 Machi

Nimenuna tangu asubuhi. Mke wangu kakiri kuwa Ijumaa jioni alikwenda kwa mdogo wake kwa siri. Wala hakumaliza kueleza. Mdogo wake alisema shemeji yake haaibiki yeye akiwa hai. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikajimiminia chai, nikafungua kitabu.

Sura ya pili. Watafiti walifuatilia wapiga kura katika uchaguzi mmoja, wakitegemea kuona redio na magazeti yanavyowageuza. Wakakuta ni wachache waliogeuzwa hivyo. Wengi waliwasikiliza watu wanaowaamini: jirani, ndugu, rafiki. Habari hushukia kwanza kwa hao wanaofuatilia mambo, kisha wao ndio huipeleka kwa wengine kwa njia yao. Wanaitwa vinara wa maoni. Ama kweli! Kurasa nzima zinamhusu shemeji, na hakuna aliyewahi kumhoji!

Mke wangu alisoma begani mwangu, akasema hayo yeye aliniambia Jumatano. Sura ya tatu, akasema, ameisoma nikiwa kazini, nayo inahusu watu wanaoitumia redio kwa haja zao wenyewe, kama Mama Pacha na fundi gari. Akanihimiza niisome. Nimefunga kitabu. Mbili zinatosha. Nimeshajua pa kulenga.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo ni mepesi. Shemeji ni bunduki. Mimi ndiye ninayetia risasi. Kabla ya kipindi nilimsogezea kikaratasi: leo ni siku ya kabichi. Alikisoma, akanipapasa bega, akafungia humo chingamu aliyokuwa akitafuna.

Kisha akasema ya kwake. Akasema wanaume wanaovaa kofia ndani ya nyumba huota kipara upesi, kichwa kinahitaji hewa. Hewani! Bila utafiti wowote! Nilitaja saa kwa sauti ya kulaani.

Nilipotoka, aibu tupu. Fundi gari kichwa wazi. Muosha magari kichwa wazi. Mtangazaji wa michezo kaificha kapelo yake chini ya kwapa, akajifanya anaangalia mawingu. Watu wazima hao! Nimesikitika kwa dhati. Watu wengine ni dhaifu sana mbele ya redio, hawana ngao hata kidogo, kama sura ya kwanza inavyosema. Bahati yangu mimi nimesoma.

Kofia nimeiweka kabatini. Ni kwa sababu ya joto.