Malalamiko Kuhusu Kuhudumiwa Upesi na Kuondolewa kwa Benchi

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mji,

Kuhusu: Kuhudumiwa upesi bila kuonywa, na kuondolewa kwa benchi la kusubiria

Pokea salamu zangu za heshima. Kichwa cha barua kinajieleza, lakini najua barua hii itasomwa na watu watatu kabla haijafika mezani kwako, na kila mmoja ataelewa lake, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu ni ile ya nyuma ya soko, yenye mlango wa bluu usiofunga vizuri. Najua mimi ni seremala. Siku nikipata nafasi nitaurekebisha. Mke wangu alifariki miaka mingi iliyopita, na sasa naishi na binti yangu mkubwa na mume wake, ambao ni watu wema ila wanaongea sana mezani.

Tangu ulipohamishiwa hapa na kubandika lile tangazo la "Hudumiwa Leo, Rudi Nyumbani Leo", sisi raia tumekaa kimya kwa adabu. Tulidhani ni tangazo kama matangazo mengine. Kabla yako wamepita wakurugenzi kadhaa, kila mmoja akabandika lake, tukalisoma, tukaendelea kukaa. Hakuna aliyetuonya kwamba wewe unamaanisha. Sasa mambo yamefika pabaya, na askari wa mlangoni ametuambia kwamba Ijumaa hii benchi letu linaondolewa na kuwekwa viti vya chuma. Naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kama ifuatavyo.

1. Nilileta ombi la kibali cha kuweka bango juu ya mlango wa karakana. Kwa utaratibu niliouzoea, ombi la bango ni shughuli ya msimu mzima. Mara afisa yuko semina, mara muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ana msiba, mara faili limepatikana lakini ndani hamna kitu. Mtu anapanga maisha yake kwa kufuata hayo. Basi nilikuja nimevaa shati la kushindia, nina gazeti na miwani. Sijafika hata ukurasa wa michezo, nikaitwa dirishani, nikakabidhiwa kibali chenye muhuri ambao wino wake haujakauka. Nikabaki nimesimama pale kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo chake. Nilirudi nyumbani mapema mno, hata binti yangu akauliza kama ninaumwa.

Nikajipa moyo kwamba ni bahati mbaya tu. Wiki iliyofuata nikaomba kibali cha bango la pili, ingawa karakana ina mlango mmoja. Nikapewa. Nikaomba kibali cha kukata mti ulio uani kwangu. Nikapewa kabla ya saa sita, na maelekezo ya usalama juu yake. Ndugu Mkurugenzi, uani kwangu hakuna mti. Uongozi uliopita ungemteua mtu wa kuja kuukagua, mtu huyo asingefika, na mimi ningeendelea kusubiri kwa amani. Haraka ya namna hii ni hatari kwa misitu ya taifa.

2. Hivyo viti nimeviona. Vimerundikwa koridoni, bado vina nailoni. Kila kimoja kina mikono yake miwili ya chuma na kimetengwa na mwenzake, na ni wazi kwamba aliyevibuni hakutaka watu wasalimiane. Benchi letu la pale barazani ni ubao mmoja mrefu, mzito, ambao kwa kukaliwa miaka na miaka umebonyea katikati. Ukikaa huku mwisho unaanza taratibu kuteleza kuelekea katikati, na wa mwisho ule naye anateleza, hadi mnakutana bega kwa bega, na hapo hamna budi kuulizana habari za nyumbani. Askari wa mlangoni ameniomba zaidi ya mara moja niliwekee mguu wa katikati ili linyooke. Nimekataa kwa sababu za kitaalamu. Kwa jicho la fundi, benchi lile haliumwi popote.

3. Huenda wewe ukipita pale unaona watu wamekaa tu. Hatujakaa tu. Benchi lina sheria zake. Mmoja akiitwa dirishani, wote tunasogea nafasi moja. Anayerudishwa anaanza tena mkiani bila kununa. Na kubwa kuliko zote: karatasi yoyote, kabla haijaingia dirishani, hupitishwa kwanza benchini mkono kwa mkono, kutoka mkiani mpaka kichwani, na kila mtu anaisoma na kuonyesha kosa. Tumerudishwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna kosa tusilolijua. Muuza mkaa, ambaye amerudishwa kuliko sisi sote, huangalia kama jina limeandikwa sawa na la kwenye kitambulisho. Mwalimu mstaafu huangalia nukta. Halafu kuna Sista, muuguzi mstaafu tunayemwita bado kwa cheo chake cha hospitali, ambaye husoma kila neno, hata yale madogo ya chini kabisa. Hatufichani kitu. Mimi nimeshasoma wosia wa mtu nikiwa nangojea bango.

Ni hapohapo benchini walipokaa majirani wawili waliokuwa wanagombania mpaka wa kiwanja, wote wakimngoja afisa ardhi. Siku za mwanzo mmoja alikaa mwisho huu, mwingine mwisho ule, na hawakuwa wanatazamana. Benchi likafanya kazi yake. Afisa ardhi alipotokea hatimaye na mkanda wake wa kupimia, aliwakuta wamejikinga jua chini ya mwavuli mmoja, wakamwambia arudi tu ndani, wameshaelewana. Kwa mfumo wako kila mmoja angepewa hati yake siku ileile, na leo wangekuwa mahakamani.

4. Nakuomba pia uitazame afya ya halmashauri yenyewe. Watu wakihudumiwa siku hiyohiyo hawatarudi. Wasiporudi, askari wa mlangoni atamzuia nani? Mwenye ufunguo wa kabati la muhuri leo anaheshimiwa mji mzima, na sokoni watu wanampisha. Kesho atakuwa mtu mwenye ufunguo tu. Diwani wetu wakati wa kampeni atatuahidi nini? Itambidi atembee nyumba kwa nyumba akituuliza tunataka nini, jambo ambalo halijawahi kumpata, na sina hakika kama miguu yake italiweza. Huko juu nao wataona mji huu hauleti malalamiko, watahitimisha kwamba hauna watu, watatufuta kwenye ramani, na wewe utahamishwa. Sisemi kwa ubaya.

5. Hili la tano nilikuwa nisiliandike. Nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena, na ukiona karatasi imechakaa sehemu hii, ndiyo sababu.

Linamhusu Sista. Alileta ombi la kibali cha kujenga ukuta kuzunguka nyumba yake, kabla mvua hazijaanza. Tangu hapo kila Jumanne na Alhamisi anakuja na mkoba wake mweusi, anakaa mwisho wa dirishani, mimi nakaa mwisho wa mlangoni, na benchi linafanya kazi yake. Nikimuuliza habari za ukuta, anasema bado wanamzungusha. Nami nasikitika pamoja naye, usoni. Moyoni, Ndugu Mkurugenzi, huwa nafurahi mpaka naona aibu. Siku hizo naamka mapema, nanyoa ndevu, napiga pasi shati mwenyewe. Binti yangu ameshagundua kwamba mtu anayekwenda kufuatilia bango hana haja ya kupaka mafuta ya nywele, na mume wake alisema mezani kwamba huyo afisa wa mabango lazima awe mrembo sana. Niliinamisha kichwa nikaendelea kula.

Nina neno la kumwambia Sista na bado sijamwambia. Mimi na mbao tunaelewana, lakini kwa maneno mimi ni mzito. Kila nikipiga moyo konde, ama anaitwa mtu tunasogea, ama mwalimu anaanza kutusomea gazeti. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu kwa mwendo wa halmashauri hii nilijua ninao muda. Niliutegemea uzembe wenu, na kwa miaka yote haujawahi kuniangusha. Ndipo ukaja wewe na kasi yako. Siku yoyote sasa faili la ukuta litaonekana, Sista atapewa kibali chake, atashukuru, atakwenda zake kujenga, na mimi nitabaki upande wa nje wa ukuta huo na mabango yangu mawili. Nasema wazi kwamba naogopa. Nimeshawahi kukaa nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza nimeshindaje, na sitaki tena.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Benchi libaki lilipo na lipewe hadhi ya idara, Idara ya Kusubiri, yenye muhuri wake yenyewe, ambao uwe unapotea. Viti vya chuma wapelekewe madiwani ukumbini, maana wao hata sasa hawasalimiani. Na faili la ukuta wa Sista, popote lilipo, lirudishwe pale lilipokuwa limepotea na lisionekane mpaka mimi nitoe taarifa kwa maandishi. Mwisho, naomba kwa unyenyekevu barua hii isijibiwe haraka. Mimi nina subira, na ningependa itumike.

Nisalimie askari wa mlangoni na goti lake linalomsumbua. Msalimie mama wa masjala pamoja na paka wake anayelala juu ya mafaili ya mwaka juzi. Mwambie asimwamshe kwa ajili yangu. Msalimie mwenye ufunguo. Afisa ardhi naye, akionekana, msalimie. Wengine wote waambie huku nje hatujambo, tumekaa.

Ni mimi raia wako mvumilivu,

Fundi Randa
Karakana ya nyuma ya soko (mlango mmoja, mabango mawili)

Nyongeza: Haya nayaandikia benchini, juu ya goti, kwa kalamu ya kuazima, na unisamehe mwandiko.

Leo asubuhi nilikuja na barua hii, nikakaa mwisho wa mlangoni, nikasalimia, na kwa mazoea, bila kufikiri, nikamkabidhi jirani yangu aikague. Nilipokuja kushtuka ilikuwa imeshapita kwa muuza mkaa, ambaye alisema jina langu liko sawa. Nilinyoosha mkono niichukue, lakini mwalimu alishaipokea. Aliongeza nukta mbili, akakohoa, akaipitisha mbele bila kunitazama. Ikafika kwa Sista.

Amesoma kila neno, hata yale madogo ya chini. Nilimsikia anafungua ukurasa wa pili, halafu akarudi wa kwanza, halafu akafungua tena wa pili, palepale palipochakaa. Alipomaliza alivua miwani, akafungua mkoba wake mweusi, akatoa kibali cha ukuta. Kina muhuri wenu, umekwisha kufifia. Kilitoka mvua zikiwa bado zinanyesha, wewe hujahamishiwa hapa, katika enzi zile ambazo nilikuwa nazisifia hapo juu.

Akaniambia, "Ukuta nimeshajenga, Fundi, na rangi nimeshapaka. Ungekuja nyumbani ungeuona. Sasa wewe ulidhani hizi Jumanne zote nafuata nini hapa?"

Muuza mkaa akasogea, mwalimu naye akasogea, ingawa hakuna mtu aliyeitwa dirishani.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naondoa lalamiko la kwanza hadi la tano. Vile viti ni vizuri, viwekeni. Idara ya Kusubiri nimeifuta. Badala yake naleta ombi jipya: kibali cha kutoboa ukuta wa Sista upande unaotazama nyuma ya soko, tuweke mlango. Mlango nitautengeneza mwenyewe, na huo utafunga vizuri.

Mwenye ukuta amekubali na ametia sahihi hapa chini. Naomba kitoke leo hii, kabla ya saa sita. Nimekaa hapa dirishani na sina mpango wa kuzungushwa.